Sikio la Mwambani

Walikuja na nyundo ndogo, wakagonga nyuma ya jiko langu
kama daktari agongavyo mgongo wa mwenye kikohozi.
"Bi Mwanamkuu, una mwamba," akasema Shekuwe, yule fundi.
Mwamba huohuo umenivunjia majembe miaka hamsini, nikiulaani.

Wakachimba kimo cha kaburi. Wakashusha sanduku,
wakamwaga zege, wakafunika bati, wakanipa ufunguo,
elfu arobaini kwa mwezi, na sharti:
ndani ya hatua thelathini, usitwange.
Kinu nikakihamishia kwa Mama Zuhura;
na umbea nao ukahamia hukohuko.

Yana wenzake, alinieleza, Korogwe, Kigoma, Mbeya,
na moja wamelizamisha baharini, linasikiliza hata nyangumi.
Nchi nzima imetega sikio, inangoja tetemeko.
Nikamwuliza: na lisipokuja, linasikiliza nini?

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Kila mwisho wa mwezi
Shekuwe hufungua kompyuta juu ya mkeka,
nami namsomea mistari yake:
matuta haya ya saa kumi na nusu ni machimbo ya mawe;
huu mtetemo mrefu, treni ya mizigo;
hizi chembechembe za Alhamisi usiku, usiwapigie simu Dodoma,
tulikuwa tunamcheza mwari.
Akacheka, akaandika pembeni: mwari.

Mwezi wa tatu akanionyesha mstari mmoja,
mfupi, mkali, kama mtu aliyekatizwa neno.
Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili.
Mwingine, Jumamosi. Na mwingine.
"Hili si tetemeko. Na lile la baharini limelisikia."
Akachora duara kutoka kwangu, duara kutoka majini,
duara kutoka Muheza.
Yakakutana mahali padogo kama punje ya kunde.
"Baruti," akasema. "Tunajua saa, tunajua mahali.
Mtu ndiye hatumjui."

Mimi saa zile nazijua kwa samaki.
Jumanne ile changu waliingia jikoni kwangu
nje hawana jeraha, ndani uti umekatika,
ukimshika mkia analegea kama kitambaa kibichi.
Jumamosi, kolekole.
Aliyewaleta nimemzaa mimi.

Nilizika wawili kabla yake. Huyu nikamwita Tupa
ili kifo kipite, kidhani hana mwenyewe.
Kikapita kweli.
Sasa yeye ndiye atupaye: chupa, mbolea, utambi.
Mwaka jana mkono ulichelewa, vidole viwili havipo.
"Mashine ya kukoboa, Mama," aliniambia.
Nikaamini kwa mdomo.

Shekuwe alimaliza chai yake, hakuniuliza kitu.
Nami sikusema kitu.
Sanduku chini ya bati halikuandika chochote:
kimya cha mama hakina mtetemo.

Jana usiku Tupa alikaa upenuni
akikata utambi kwa kisu changu cha mihogo.
Nikaenda kwa Mama Zuhura bila kubisha hodi,
nikarudi na kinu kichwani na mchi mkononi,
nikapita hatua thelathini, nikapita ishirini, kumi,
nikakiweka kinu kando ya bati. Kitupu.
Nikatwanga.

"Mama! Umerukwa na akili? Kile kinasikia!"
"Ndiyo," nikasema. Nikatwanga
mpaka mikono ikafa ganzi, mpaka majirani wakawasha taa,
na kila pigo nililijua linakwenda wapi,
chini kwenye mwamba, kisha Dodoma.

Mwisho wa mwezi Shekuwe atakuja,
atakuta matuta ya saa tano usiku, ataweka kidole:
"Hapa, Bi Mwanamkuu, palikuwa na nini?"
Sijui bado nitamsomea nini.
Tupa naye hajui, na anajua kwamba sijui.

Asubuhi nilikuta kipande cha utambi dirishani,
kimekunjwa vizuri, kando ya kisu.
Kipande kimoja.
Mimi nilimwona akikata viwili.